Pindo Lililoupita Mji: Jinsi ya Kuhudhuria Fringe ya Edinburgh

Kila Agosti, kwa siku 25 hivi, jiji la Edinburgh huko Uskoti hugeuka jukwaa. Kumbi za mihadhara za chuo kikuu, makanisa, vyumba vya juu vya baa, vyumba vya mawe vilivyojificha chini ya madaraja, mahema yanayosimikwa bustanini: popote panapoenea viti hamsini na taa mbili pana onyesho, tangu asubuhi hadi baada ya saa sita usiku.

Fringe, jina la tamasha hili la sanaa za jukwaani, maana yake ni pindo. Mwaka 1947 Edinburgh ilianzisha tamasha la kimataifa la sanaa, na vikundi vinane vya maigizo ambavyo havikualikwa vikaja hivyo hivyo, vikajitafutia kumbi, vikacheza pembeni. Anayeijua kanga ataelewa mara moja: tamasha rasmi lilikuwa mji, hao wakawa pindo. Leo pindo ni pana kuliko mji, na kwa msimu mmoja hupita maonyesho zaidi ya 3,000.

Jambo la kushika kabla ya yote ni kwamba Fringe haina kamati inayochagua nani acheze. Mwenye ukumbi na ada ya kujiandikisha anaingia. Ndiyo maana siku moja utaona mchezo utakaokaa nawe miaka, na saa mbili baadaye ukaketi mbele ya kitu kisichoiva. Kazi ya kuchuja imewekwa mikononi mwa mtazamaji, na karibu kila ushauri ulio hapa chini unahusu jinsi ya kuifanya vizuri.

Tarehe, viza na pa kulala

Mwaka 2026 tamasha ni tarehe 7 hadi 31 Agosti. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya mgeni ya Uingereza. Ombi hupokelewa mapema kabisa miezi mitatu kabla ya safari, na jibu kwa kawaida huchukua wiki tatu, kwa hiyo anayekwenda Agosti aanze Mei. Usinunue tiketi za maonyesho kabla viza haijatoka, kwa sababu kwa kawaida fedha hazirudishwi.

Malazi ndiyo yatakayokuumiza mfuko kuliko tiketi zote ukizijumlisha. Vyumba vya katikati ya jiji hupanda bei sana mwezi huo. Njia tatu husaidia: mabweni ya wanafunzi, ambayo hupangishwa wakati wa likizo, nyumba zilizo kandokando ya reli ya tramu, inayotoka uwanja wa ndege hadi Newhaven ikipita katikati ya jiji, au kulala Glasgow, mwendo wa kama dakika 50 kwa treni. Ukichagua Glasgow, angalia saa ya treni ya mwisho kila siku, maana vichekesho vizuri vya usiku huisha baada yake. Weka pia kwenye hesabu kwamba kuanzia tarehe 24 Julai 2026 jiji linatoza mgeni asilimia 5 ya gharama ya malazi, kwa siku tano za mwanzo za kulala mfululizo.

Agosti kuna matamasha mengine jijini: lile la kimataifa, la vitabu, na gwaride la kijeshi la usiku kwenye uwanja wa mbele wa Kasri la Edinburgh, liitwalo Tattoo. Kila moja lina tiketi zake na ofisi yake. Watu hununua tiketi ya Tattoo wakidhani wamenunua Fringe.

Kusoma orodha

Orodha kamili hutoka Juni. Imegawanywa kwa aina: maigizo, vichekesho, dansi na sarakasi, muziki, maonyesho ya watoto, ushairi na usimulizi, na nyinginezo. Vichekesho huchukua kurasa nyingi sana. Kama ulichofuata ni tamthilia, nenda moja kwa moja kwenye sehemu yake, usianzie mwanzo.

Kila onyesho lina mistari michache tu ya maelezo, na hapo kuna mambo manne ya kutazama kwa makini.

Kwanza, jina kamili la ukumbi. Kampuni kubwa zina kumbi sehemu kadhaa za jiji zenye majina yanayofanana. Pleasance ina Courtyard na ina Dome, na kati yake ni zaidi ya dakika kumi kwa miguu. Underbelly iko Cowgate, Bristo Square na George Square. Assembly iko George Square upande wa kusini, na ina Assembly Rooms mtaa wa George Street upande wa kaskazini, ng'ambo ya bonde. Hili ndilo kosa linalowakosesha watu maonyesho kuliko yote: wamefika kwa wakati, ila mahali siko. Namba ya ukumbi iliyo kwenye ramani ya tamasha haidanganyi, basi fuata namba.

Pili, jina la chumba. Ndani ya Pleasance Courtyard peke yake kuna vyumba zaidi ya kumi, vyenye majina kama Above, Beneath na Forth, na kila kimoja kina foleni yake.

Tatu, siku za mapumziko. Waigizaji wengi hupumzika siku moja au mbili katikati ya msimu, mara nyingi mwanzoni mwa wiki. Ukumbi wa Traverse, unaoheshimika kwa tamthilia mpya, hupumzika Jumatatu na hubadilisha saa za michezo yake siku hadi siku: mchezo wa leo asubuhi kesho unaweza kuwa jioni. Usichukulie kwamba saa ya Jumanne ndiyo ya Alhamisi.

Nne, saa yenyewe. Saa huandikwa kwa mtindo wa 24, hivyo 13:20 ni saa saba na dakika ishirini mchana. Mtego uko kwenye maonyesho ya baada ya saa sita usiku. Ukiona 00:30 Ijumaa, uliza ukumbini kama ni usiku wa kuamkia Ijumaa au wa kuamkia Jumamosi, kisha uandike jibu.

Jiji la ghorofa mbili

Sehemu hii isome mara mbili. Mji mkongwe wa Edinburgh umejengwa juu ya mgongo wa kilima, na mitaa yake imepandana. South Bridge na George IV Bridge ni madaraja, lakini ukiwa juu yake huyaoni kuwa madaraja, kwa sababu pande zote yamezibwa na maduka na majengo. Chini yake unapita mtaa wa Cowgate, wenye kumbi nyingi za usiku.

Kwenye ramani ya simu, South Bridge na Cowgate zinakatana. Kwa miguu hazikutani. Simu itakuambia umefika, alama ya bluu imekaa juu ya mlango kabisa, kumbe mlango uko ghorofa kadhaa chini ya nyayo zako na mbele yako kuna duka tu. Zimebaki dakika nne. Watu hukimbia huku na huku wakitafuta ngazi, na mlango hufungwa.

Basi zijue njia za kushukia kabla hujazihitaji. Ukiwa George IV Bridge, shuka kwa Candlemaker Row, inayoanzia penye sanamu ya mbwa mdogo, au kwa Victoria Street, karibu na ncha ya pili ya daraja. Zote zinakufikisha Grassmarket, na Cowgate inaanzia hapo. Ukiwa Royal Mile, mtaa mkuu wa mji mkongwe unaoshuka kutoka Kasri, karibu na South Bridge, shuka kwa Blair Street au Niddry Street. Ukiwa Chambers Street, Guthrie Street inazunguka na kukushusha hadi Cowgate. Siku ya kwanza, kabla ya onyesho lolote, zitembee njia hizi mara moja ukiwa huna haraka. Nusu saa hiyo inalipa wiki nzima.

Royal Mile kuanzia mchana hujaa wacheza barabarani, wagawa vipeperushi na watu waliosimama kutazama. Panda huko ukiwa unataka kuona hayo. Ukiwa na haraka, ivuke tu, usiifuate. Usiku Tattoo inapoisha, maelfu hushuka kwa pamoja kutoka Kasri, na mtaa wote huziba. Na saa saba kamili mchana, kila siku isipokuwa Jumapili, mzinga hupigwa Kasri. Usishtuke, rekebisha saa yako kwa mlio huo.

Kuipanga siku

Maonyesho mengi huchukua dakika 50 hadi 60. Hapo ndipo mgeni anapojidanganya: saa moja moja, basi ataona saba kwa siku. Matatu ni siku nzuri, manne ni siku iliyojaa, matano ni kwa mwenye miguu na moyo. Ukizidisha hapo, jioni hutakumbuka nani alicheza nini.

Hesabu ya nafasi kati ya onyesho na onyesho ni hii. Onyesho la kwanza linaweza kuanza dakika tano hadi kumi nyuma ya wakati, kwa sababu lililotangulia chumbani humo lilichelewa kutoka. Kutoka nje kwenye msongamano ni dakika tano. Kisha kuna mwendo wenyewe, wenye vilima. Kisha unatakiwa uwe kwenye foleni ya pili dakika 10 hadi 15 kabla. Jumla yake inakaribia saa moja. Kwa kumbi za eneo moja, kama Bristo Square na George Square ambazo zimepakana, nusu saa inatosha. Kwa maeneo mawili tofauti, acha saa nzima tangu la kwanza kumalizika hadi la pili kuanza.

Mfano wa siku inayowezekana:

1. Asubuhi, tamthilia Traverse, mtaa wa Cambridge Street, ungali na akili safi.
2. Chakula cha mchana, halafu mwendo wa kama dakika 25 ukikatiza bustani ya Meadows hadi Summerhall, jengo lililokuwa chuo cha madaktari wa mifugo, ambalo sasa lina vyumba vya kila namna.
3. Alasiri, onyesho la Summerhall, uchague lile la ajabuajabu ambalo usingelithubutu kwenu.
4. Pumziko la kweli, la kukaa chini, si la kuzunguka.
5. Jioni, kitu cha Pleasance Courtyard, robo saa hivi kutoka Summerhall.
6. Usiku, vichekesho vya bure Cowgate, chini ya kilima.

Mchezo wa kimyakimya au wa majonzi uweke asubuhi. Vyumba ni vidogo, vimefunikwa mapazia meusi, taa zinawaka kutwa, na tangu asubuhi wamepita watu mia kadhaa humo. Ikifika saa kumi na mbili jioni joto hulaza hata mwenye nia njema.

Tiketi za kununua mapema ni za nusu ya siku tu: moja mbili unazozitamani kweli, hasa za Ijumaa hadi Jumapili. Nusu nyingine iache wazi. Ukiijaza ratiba yote ukiwa bado nyumbani, siku ya tatu utasikia watu watano kwenye foleni tano tofauti wakitaja mchezo uleule, nawe huna pa kuuweka.

Tiketi

Tiketi nyingi ni kati ya pauni 10 na 20. Siku mbili tatu za majaribio mwanzoni kabisa huwa na bei ya chini. Waigizaji bado wanakitafuta kipimo cha chumba, taa huweza kukosea, lakini tamthilia ni ileile. Jumatatu ya kwanza na Jumanne yake, maonyesho mengi kwa kawaida huuza tiketi mbili kwa bei ya moja. Katikati ya wiki ni nafuu na kuna nafasi kuliko wikendi.

Tiketi huja kwa simu. Piga picha ya skrini kabla hujaondoka, maana ndani ya vyumba vya mawe vya Cowgate mtandao hupotea. Ukiambiwa zimekwisha, usikate tamaa: nenda dirisha la tiketi la ukumbi ule ule nusu saa kabla, uulizie zilizorudishwa. Aliye peke yake ana bahati kuliko waliofuatana watatu.

Wenye watoto wasome kikomo cha umri, kisha waulize pia kuhusu leseni ya ukumbi. Onyesho lenyewe linaweza kuwafaa watoto, lakini chumba kikiwa ndani ya baa huenda wasiruhusiwe kuingia.

Mlangoni na ndani

Anayechelewa haingii. Chumba kimoja hupokea maonyesho kadhaa kwa siku, na kati ya moja na jingine kuna kama robo saa ya kubomoa, kufagia, kusimika na kuingiza watu. Tena mara nyingi mlango uko kando ya jukwaa lenyewe, kwa hiyo anayeingia nyuma ya wakati angepita katikati ya waigizaji. Mhudumu akikukatalia, ubishi hausaidii.

Viti vingi havina namba. Anayetangulia foleni anachagua, na wahudumu watawaomba msogee hadi mwisho wa safu ili zijae. Kwenye chumba kisicho na ngazi za viti, safu ya pili ndiyo bora: huzibwi na vichwa, wala hukai chini ya pua ya mwigizaji. Kwenye vichekesho, safu ya kwanza ni ya walio tayari kuulizwa jina, kazi na walikotoka. "Natoka Tanga" au "natoka Bukavu" itampa mchekeshaji dakika tano za kazi. Kama hupendi, kaa ya nne.

Nenda msalani kabla. Ukitoka katikati, mara nyingi huruhusiwi kurudi. Simu izimwe kabisa, kwa sababu chumba cha watu arobaini hung'aa chote kwa skrini moja. Begi kubwa la safari liache unakolala.

Vipeperushi na nyota

Tunasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Huko methali hii haisimami. Anayekupa kipeperushi mtaani mara nyingi ndiye mwandishi, ndiye mwigizaji, na jioni atasukuma viti mwenyewe. Kizuri na kibaya vyote vinajitembeza, kwa kuwa vyote vina jirani elfu tatu.

Kwa hiyo usikitupe, na usikipokee kimya. Uliza swali moja: "Linahusu nini?" Aliye na mchezo kweli atakujibu kwa sentensi mbili zenye mtu ndani yake na jambo linalomsibu. Anayejibu kwa sifa tupu, kwamba ni kali, ni ya kipekee, ni lazima uione, mshukuru upite.

Nyota zilizobandikwa kwenye mabango zitazame kwa jicho la pili: nani amezitoa? Gazeti la The Scotsman lina wahakiki wa miaka mingi, na tuzo yake ya Fringe First, inayotolewa kila wiki ya tamasha tangu miaka ya 1970, ni kwa maandishi mapya tu. Ni dira nzuri kwa mpenda tamthilia. Ila likitajwa jina la mchezo ulioshinda, tiketi huisha siku hiyohiyo. Nunua ukiwa bado umesimama. Kushinda nyota zote, sikiliza foleni. Muulize aliye mbele yako ameona nini jana. Watu waliokuja peke yao hupenda sana kuulizwa.

Lugha, mwili na chakula

Kiingereza cha jukwaani huenda kasi, na lafudhi za Uskoti, Ireland na Australia huchanganyika. Vichekesho ndivyo vigumu, kwa kuwa vinahitaji ujue siasa na televisheni za Uingereza. Kama lugha inakusumbua, anza na sarakasi, dansi na maigizo ya mwili, ambayo hayana maneno au yana machache. Wanasarakasi wa Kenya wamewahi kuruka huko mbele ya kumbi zilizojaa.

Agosti ya Edinburgh ni kama nyuzi 19 mchana na hushuka hadi 11 hivi usiku, mvua ikija bila hodi. Nje baridi, ndani tanuri. Vaa shati jepesi, sweta, na juu koti lisilopitisha maji. Mwavuli hugeuzwa na upepo kwenye madaraja. Viatu viwe vya kutembea kwenye mawe yaliyolowa. Maji ya bomba ni salama, beba chupa.

Msikiti mkuu uko Potterrow, hatua chache kutoka Bristo Square, na kandokando ya Nicolson Square utapata chakula cha halali. Chumba kikiwa ndani ya baa hulazimiki kunywa pombe. Nunua soda, inatosha kumshukuru mwenye nyumba aliyetoa chumba bure. Malipo karibu yote ni kwa kadi. Basi za Lothian hazirudishi chenji, kwa hiyo gusisha kadi. Noti za pauni zilizochapishwa na benki za Uskoti hupokelewa huko, lakini zitumie zote kabla ya kuondoka, kwa maana huku kwetu utahangaika kuzibadilisha.

Ndoo

Maonyesho mengi ya Fringe ni ya bure. Unaingia bila tiketi, unatazama, na mwisho mwigizaji husimama mlangoni na ndoo. Hapa mtu wa Afrika Mashariki hahitaji kufundishwa, kwa sababu ni kutunza kulekule kwa kwenye taarabu: umeguswa, unainuka, unatoa. Tofauti ni kwamba huko kutunza ndiyo mapato yote ya jioni.

Kipimo cha haki ni pauni 5 kwa onyesho la kawaida, 10 kwa lililokufurahisha. Beba noti za tano tano mfukoni, ingawa wengi sasa wana kidude cha kadi. Fika dakika 20 hadi 30 kabla, maana vyumba vya bure hujaa bila tangazo. Baadhi huuza kiti cha uhakika kwa pauni chache, na wikendi hiyo ni fedha iliyotumika vizuri. Wacheza barabarani nao hufanya vivyo hivyo kwa kofia. Ukisimama hadi mwisho umekaa ukumbini mwao, basi usiyeyuke kofia inapozunguka.

Kama onyesho halikukupendeza, toa kidogo, ila toa, na upite mbele yake ukimwangalia. Na likikupendeza, mwambie kitu kimoja mahususi ulichokiona: ile kimya kabla ya barua kusomwa, ule mkono uliotetemeka. Atakuwa amecheza siku kumi na nane mfululizo, siku nyingine mbele ya watu watano. Kisha nenda kwenye foleni inayofuata ukawaambie watu jina la mchezo na namba ya ukumbi.